Ukitumiwa vitisho kwa sababu ya deni, usifute ujumbe

Malalamiko tunayopokea dawatini siku hizi yanafanana. Mtu amekopa kwenye programu ya simu, amechelewa kurejesha, na sasa simu yake mwenyewe anaiogopa. Juzi alikuja mama mmoja, fundi cherehani, akailaza simu kifudifudi mezani. Kila ilipotetemeka alikatisha maneno, akaikodolea macho, akasahau alipofikia. Alitueleza kuwa ameharibu gauni la mteja, mkono wa kushoto kaushona kulia, kwa kuwa katikati ya kazi alipata habari: picha yake yenye neno "TAPELI" imetumwa kwa mama mkwe wake.

Watu wanasema ana moyo mwepesi. Naomba tuache kusema hivyo. Anayesubiri kutukanwa wakati wowote hawezi kupiga hesabu, hasikii mtoto anapomwita, na usingizi hauji hata simu ikizimwa sauti.

Hapa Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Kama kosa limetendeka, mahakama ndiyo itakayoamua. Deni lako liko palepale na unapaswa kulilipa, ila kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukudhalilisha.

Wengi hutujibu, "Lakini si nilibonyeza kukubali programu ione namba zilizo kwenye simu yangu?" Ulibonyeza wewe. Mama mkwe hakubonyeza chochote, na namba yake ni taarifa yake binafsi, inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tena Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kagua jina kabla hujakopa.

Linalotuchosha ni hili: mtu anafuta ujumbe wote kwa hasira, anavunja laini, halafu anakuja kutaka hatua zichukuliwe. Kwa ushahidi upi? Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji, tarehe, saa na ujumbe wote bila kukata. Tunza nakala kwenye simu ya mtu unayemwamini. Usijibu matusi, maana majibu yako nayo yatasomwa. Nenda kituo cha polisi, toa maelezo, upewe namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yako polisi), uiandike. Ndipo uzuie namba hizo. Zikija mpya, mpe ndugu mmoja simu azipitie jioni, wewe ufanye kazi yako.

Na wewe uliyetumiwa picha ya jirani yako, usiisambaze kwenye kundi la mtaa. Itunze, umpelekee mwenyewe aiambatanishe na maelezo yake. Wewe pia unaweza kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa namba yako imetumika bila ridhaa yako.