Flashi Haijajaa, Mbona Rekodi Imekatika?

Mwalimu mmoja wa hesabu wa huku Ngamiani, Tanga, alinifuata ofisini na flashi mkononi. Alikuwa amerekodi skrini ya laptopu yake akifundisha somo la saa mbili, wanafunzi walitazame likizoni. Rekodi ikakatika baada ya saa moja na nusu hivi. "Mwanangu, flashi ya GB 32, tena tupu. Imejaaje?"

Shikamoo ikapita, tukaichomeka. Haikuwa imejaa. Ilikuwa imefomatiwa kwa mfumo wa kupangia mafaili uitwao FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalozidi GB 4 hata flashi iwe na nafasi kiasi gani. Ghala kubwa, mlango mdogo. Flashi nyingi za GB 32 kushuka chini hutoka dukani zikiwa hivyo.

Hesabu yake si ngumu. Programu ya mwalimu ilikuwa ikiandika megabiti 6 kwa sekunde. Gawa kwa 8, maana baiti moja ni biti 8, unapata megabaiti 0.75 kwa sekunde, yaani MB 45 kwa dakika, GB 2.7 kwa saa. Saa moja na nusu ikipita kidogo, GB 4 zimetimia. Mwalimu alipoziona tarakimu alicheka, maana hiyo ni hesabu anayowafundisha watoto kila siku.

Flashi inaweza kufomatiwa upya kwa exFAT, ambao hauna kikomo hicho, ila nakili kwanza vilivyomo kwa sababu kufomati kunafuta kila kitu. Mimi lakini huwashauri watu wasirekodi moja kwa moja kwenye flashi. Nyingi huandika polepole, na picha huanza kurukaruka. Rekodi kwenye diski ya ndani, flashi ibaki ya kubebea.

Kesi ya pili ndiyo inayoliza watu: umeme unakatika, au betri inazima, na faili la MP4 lipo, lina ukubwa wake, lakini halifunguki. Sababu ni kwamba MP4 ya kawaida huandika fahirisi yake mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Bila fahirisi hiyo, kichezeshi hakijui picha ianzie wapi. Kwa hiyo ukitumia OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi skrini, chagua MKV, aina nyingine ya faili la video, kwenye mipangilio ya kurekodi. Mashine ikizimika ghafla, kilichokwisha kuandikwa kwa kawaida hubaki salama. Ukimaliza, programu hiyohiyo inaligeuza faili kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora, kwa kuwa inabadilisha kasha tu, picha haiguswi.

Wanaotumia kinasa cha Windows, kile cha kubonyeza kitufe cha Windows, Alt na R, hulalamika kwamba rekodi "imepotea". Fungua folda ya Videos, ndani yake kuna Captures. Kinasa hicho pia hakirekodi eneokazi wala dirisha la kupekulia mafaili, kwa hiyo usikilaumu kikikataa.

Herufi zikiwa na ukungu, linganisha vipimo. Laptopu nyingi zinazoletwa kwangu zina skrini ya nukta 1366 kwa 768, na mwenyewe ameiamuru programu itoe 1920 kwa 1080. Herufi zinavutwa, zinatanuka. Rekodi kwa kipimo cha skrini yako. Fremu 30 kwa sekunde zinatosha sana kwa somo. 60 waachie wacheza gemu. Na kama rekodi ni safi kwako lakini chafu kwa mwanafunzi, huenda uliituma WhatsApp kama video ikabanwa. Itume kama dokumenti.

Picha ikikwama kwama, chomeka chaji kwanza, maana hali ya kuokoa betri hupunguza kasi ya prosesa. Kisha tazama chini ya laptopu. Msimu wa kaskazi, joto la Tanga likipanda, mashine iliyowekwa juu ya godoro na tundu za hewa zimezibwa na vumbi hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue.

Kabla ya somo refu, rekodi dakika moja, isikilize. Mwalimu wetu alipojaribu, picha ilikuwa safi, ila bajaji ilisikika vizuri kuliko yeye. Sasa anarekodi usiku, barabara ikishatulia.