Manjano, pilipili manga na Alzheimer: yanayosemwa na yaliyopimwa

Bibi akianza kuuliza swali lilelile mara tano asubuhi moja, nyumba nyingi za Dar es Salaam mtu hutumwa Kariakoo kununua manjano kabla bibi hajapelekwa hospitali. Upendo uliomo kwenye kikombe kile cha maziwa yaliyotiwa manjano ni wa kweli. Maelezo yanayokwenda nacho ndiyo yana kasoro.

Dhana: Manjano hutuliza mchochota wa ubongo, basi hutibu Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu.

Nusu ya kwanza ina msingi. Katika ugonjwa huu, protini ya amiloidi hurundikana nje ya seli za neva, na ya tau hujisokota ndani yake. Seli za ulinzi ziitwazo maikroglia hujaribu kufagia taka hizo. Zikielemewa, hubaki zimechachamaa kwa miaka na kumwaga kemikali zinazodhuru hata seli zenye afya. Huo ndio mchochota; si uvimbe wa kupapasa wala kuchua kwa mafuta. Kurkumini, kiini cha rangi ya manjano, ikiwekwa kwenye seli hizo maabara, huzituliza kweli.

Tatizo ni safari ya kutoka mdomoni hadi kichwani. Kijiko cha chai cha unga wa manjano kina gramu 3 hivi, na kurkumini humo ni kama asilimia 3, yaani miligramu 90. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2012 liliwapa wagonjwa gramu 2 au 4 za kurkumini kila siku kwa wiki 24. Gramu 2 pekee ni sawa na vijiko 22! Kumbukumbu haikupata nafuu, na kurkumini iliyokutwa kwenye damu ilikuwa kidogo mno. Utumbo na ini huigeuza mapema, haifiki mbali.

Dhana: Ongeza pilipili manga, itafika.

Piperini ya pilipili manga hupandisha kurkumini kwenye damu takriban mara 20. Hilo lilipimwa 1998. Lakini hufanya hivyo kwa kuzuia vimeng'enya vya ini na utumbo, na baadhi yake ndivyo vinavyoondoa dawa nyingine mwilini. Mgonjwa wa kifafa anayetumia fenitoini anaweza kujikuta dawa imezidi: anayumba, ulimi mzito, na nyumbani wakadhani ni Alzheimer imeshika kasi. Pilipili ya kwenye pilau haina neno. Tunachohofia ni vidonge vyenye kurkumini nyingi na piperini, ambavyo vimehusishwa na kuumia kwa ini. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acheni vidonge na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Dhana: Ginko, dawa ya majani ya mti wa China, hukinga Alzheimer.

Wazee zaidi ya 3,000 wa Marekani walifuatiliwa kwa miaka 6 hivi, nusu yao wakimeza miligramu 120 mara mbili kwa siku. Matokeo ya 2008: demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, haikupungua. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse, damu inaweza kuvuja.

Dhana: Basi mimea haina lolote.

Galantamini, dawa ya Alzheimer, ilitolewa kwenye mimea ya maua, ikaidhinishwa Marekani 2001. Kazi yake kuu ni kulinda asetilikolini, kemikali ambayo seli hutumia kupashana habari. Hupunguza dalili, ugonjwa haiuzuii. Huanza na miligramu 4 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, na haiongezwi kabla ya wiki 4. Ukiharakisha, mgonjwa hutapika na kukataa kula. Ikikatizwa zaidi ya siku 3, muulizeni daktari: huanzwa upya kwa dozi ya chini. Hupunguza pia mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye kumeza atenololi, dawa ya shinikizo la damu, aseme mapema.

Siku ya kliniki, bebeni kila kitu anachotumia, hata chupa ya mchanganyiko wa mitishamba isiyo na lebo. Ombeni pia vipimo vya tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, kwa sababu usahaulifu unaotokana na matatizo hayo una matibabu yake.