Pasipoti ya Kilithuania

Kila ninapozungumzia vyama vya Waukraine vya kati ya vita kuu mbili, swali la kwanza ni lilelile: walikuwa vibaraka wa nani? Neno hilo silipendi, maana hufunga mjadala kabla haujaanza. Hata hivyo fedha zilikuwepo, na tunajua zilitoka wapi.

Mapambano ya uhuru yalipokwisha, Waukraine walijikuta wamegawanyika chini ya Wasovyeti, Poland, Romania na Chekoslovakia. Wasio na dola wakamtafuta adui wa adui yao. Symon Petliura, kiongozi wa jamhuri ya Ukraine, alikwishaungana na Poland Aprili 1920 na kuiachia nchi hiyo Galicia, eneo la Waukraine la magharibi; Wagalicia hawakumsamehe. Wakomunisti wa Ukraine Magharibi walielekea Moscow, na ni Moscow hiyohiyo iliyokivunja chama chao mwaka 1938.

Yevhen Konovalets, Mgalicia, yeye alikuwa akipigana na Poland. Shirika lake la siri, UVO (Shirika la Kijeshi la Ukraine), lilianzishwa 1920, na haikuchukua muda likaanza kupokea fedha na mafunzo kutoka idara ya ujasusi ya jeshi la Ujerumani. Habari hiyo inajulikana na wengi. Inayosahaulika ni Lithuania.

Nchi hiyo ndogo ilikuwa na donda lake: jeshi la Poland liliuteka Vilnius, mji ambao Lithuania iliuhesabu kuwa makao makuu yake, mwaka 1920, serikali ya Lithuania ikabaki Kaunas ikinung'unika. Haikuwa na ubavu wa kupigana, lakini iliweza kumsaidia anayeisumbua Poland. Ikampa Konovalets pasipoti. Ikatoa ruzuku. Gazeti la siri la UVO, Surma, lilichapwa Kaunas, kisha likaingizwa Galicia kwa magendo. Waziri wa mambo ya nje, Dovas Zaunius, alikuwa miongoni mwa watu wa Konovalets wa kutegemewa. UVO ilipozaa OUN (Shirika la Wazalendo wa Ukraine) huko Vienna mwanzoni mwa 1929, uhusiano huo ulirithiwa pamoja na madeni yake.

Je, Kaunas ndiyo iliyotoa amri? Sioni hivyo. Chuki dhidi ya utawala wa Poland ilikuwa ya Galicia yenyewe, na wahamiaji wa Kanada na Marekani nao walichanga. Mfadhili hakuwasha moto. Alileta kuni, na kuni zake zilikuwa na masharti yasiyoandikwa.

Masharti hayo yalionekana 1934. Januari, Ujerumani na Poland zilitangaza kutoshambuliana. Juni 15, kijana wa OUN akamuua waziri wa mambo ya ndani wa Poland, Bronisław Pieracki, mjini Warsaw. Mykola Lebed, mmoja wa waliopanga, alikimbilia Ujerumani akidhani anakwenda kwa marafiki. Wajerumani walimkamata, wakamkabidhi kwa Wapolandi. Nyaraka za Omelian Senyk, mmoja wa viongozi wa OUN, zilizonaswa Prague nazo zikafika Warsaw, na katika kesi ya 1935 na 1936 malipo ya Lithuania yakasomwa hadharani. Aibu iliyoje kwa Kaunas!

Machi 1938 Lithuania ilisalimu amri mbele ya vitisho vya Poland, ikakubali uhusiano wa kibalozi. Miezi miwili baadaye, Mei 23, Pavel Sudoplatov, jasusi wa Kisovyeti, alimpa Konovalets boksi la chokoleti huko Rotterdam. Ndani mlikuwa na bomu. Maiti ilikutwa na pasipoti ya jina la Novak, na pasipoti yenyewe ilikuwa ya Lithuania.