Huduma ya afya ya akili katika jamii ni nini?

Ukitaja muuguzi wa afya ya akili, wengi huona wodi, geti lenye kufuli na funguo zinazoning'inia kiunoni. Picha hiyo inachakaa. Inayochukua nafasi yake ni huduma ya afya ya akili katika jamii: mgonjwa anaishi kwake, huduma inamfuata huko, na kitanda cha hospitali kinabaki kwa siku za hatari tu.

Wazo lenyewe si la jana. Dawa ya klopromazini, iliyoanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952, iliwatuliza wengi kiasi cha kuruhusiwa kurudi nyumbani. Italia, kwa sheria namba 180 ya mwaka 1978, ikazuia hospitali zake za vichaa kulaza wagonjwa wapya. Kwingine, Marekani ikiwamo, vitanda vilipunguzwa bila huduma ya kutosha mitaani, na wengine wakaishia barabarani au gerezani. Kufunga wodi ndiyo sehemu rahisi.

Sehemu ngumu anaibeba muuguzi. Chukua mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, anayechomwa sindano ya dawa inayofanya kazi mwilini mwezi mmoja au mitatu. Siku hizi ipo hadi ya miezi sita. Kuchoma ni dakika chache. Uuguzi wenyewe uko kwenye mengine: vidole vinatetemeka? Uzito umepanda? Usiku analala? Akisema "mimi mzima" huku mapazia yamefungwa saa sita mchana, muuguzi mzoefu haondoki upesi.

Wataalamu hawatoshi, kwa hiyo kazi inagawanywa. Harare, mradi wa Friendship Bench ulioanza mwaka 2006 uliwafunza kina bibi kuketi bencheni na kusikiliza watu wenye "kufungisisa", neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. (Sisi tungesema "ana mawazo", na jirani angeelewa.) Katika mpangilio wa namna hii muuguzi anakuwa mkufunzi na msimamizi, na wenye dalili nzito hupelekwa kwake.

Halafu kuna simu. Tangu mwaka 1966, programu ya kompyuta iitwayo ELIZA ilipoigiza mtaalamu wa afya ya akili kwa kumrudishia mtu maneno yake kama maswali, tunajua binadamu humfungukia hata mashine. Sioni ubaya wa programu inayokumbusha dawa, wala mazungumzo ya video. Kwa aliyetulia, humwokolea nauli na siku nzima ya foleni. Aliyeanza kukosa usingizi na kuacha kupokea simu, inabidi mtu aende akabishe hodi.