Finishi ya chuma: maana yake, na namna ya kuchagua mpya kwa vitasa na njumu kuukuu

Mafundi wa Unguja na Pemba huliita finishi jambo lolote la mwisho katika kazi: plasta, rangi ya ukuta, msasa wa mbao. Kwenye chuma neno hili linakwenda ndani zaidi. Finishi ya chuma ni hali ya uso wake, iwe ni tabaka lililopakwa, tabaka lililoshikishwa kwa umeme, au chuma chenyewe kilichogeuzwa ngozi, nayo ndiyo inayoamua chuma hicho kitakutana vipi na hewa, chumvi na mikono ya watu. Rangi unayoiona kwa macho ni matokeo tu. Vitasa viwili vyeusi vinaweza kuwa na finishi tofauti kabisa: kimoja kimepakwa rangi ya mafuta, cha pili weusi wake ni kutu iliyochemshwa. Cha kwanza kikichubuka, kutu hutambaa chini ya rangi miezi mingi bila kuonekana, mpaka rangi yote inyanyuke kama ganda. Cha pili kikichubuka huonekana siku hiyo hiyo, na kitambaa chenye mafuta kinatosha.

Huku visiwani adui mkubwa ni chumvi. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu na kuyeyuka yenyewe pale unyevunyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75, na usiku mwingi wa mwaka hewa yetu hupita hapo. Kwa hiyo mlango wa Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe ulio kando ya bahari, hata usipoguswa na mvua, hulala umelowa maji ya chumvi, ukakauka jua likipanda, na usiku ukalowa tena. Maandishi ya kopo yanayosema rangi ni ya nje hayakwambii lolote juu ya maisha ya namna hiyo. Ndiyo sababu kazi iliyodumu miaka kumi bara inaweza kumalizika kwa masika mbili Forodhani.

Kabla ya kuchagua chochote, jua unachokishika. Chukua sumaku. Njumu, yaani misumari ya pambo ya mlango, ikiwa ya shaba ya manjano (mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki) haivutwi; ikivutwa, ni chuma kilichovikwa shaba nyembamba, na ukiisugua kwa nguvu utaimaliza hiyo shaba asubuhi moja. Kisha tafuta finishi ya asili mahali ambapo mikono haifiki: chini ya kichwa cha skrubu, nyuma ya bamba la kitasa, chini ya tumbuu. Hapo ndipo utajua kama kitu kilikuwa cheusi, cha nikeli au kitupu. Piga picha kabla ya kugusa.

Na angalia mashimo. Hili huwaumiza wengi: wanadhani finishi mpya itafukia uso uliolika. Haifukii. Nikeli ina unene wa mikroni 10 hadi 25, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Shimo la nusu milimita litabaki shimo, tena litang'aa na kuonekana zaidi kuliko lilivyokuwa na kutu. Njia pekee ya kuliondoa ni kushusha uso wote kwa tupa na msasa, na hapo huondoka pia nakshi, kona kali, na muhuri wa aliyekitengeneza. Uso uliokwisha kusuguliwa haurudi. Wanaokusanya bastola za zamani za silinda ya kuzunguka wanalijua hili vizuri: finishi ya kiwandani iliyochakaa huthaminiwa kuliko mpya inayong'aa juu ya maandishi yaliyofutika. Kitasa cha babu hakina tofauti. Kama chuma ni kizima, kahawia yake imetulia na haiachi unga mwekundu kwenye kitambaa cheupe, chaguo la kwanza ni kukisafisha, kukikausha na kukipaka nta, basi.

Kama kutu iko hai, itoke kwanza, na chumvi itoke nayo. Kwa komeo, bawaba na mnyororo, umeme hufanya kazi safi: ndoo ya plastiki, maji yenye soda ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita, chaja ya betri ya volti 12; upande hasi ushikane na kitu chako, upande chanya na kipande cha chuma chakavu usichokihitaji. Usitumie stenlesi upande chanya, kwani hutoa sumu ya kromiamu majini. Usitumie magadi badala ya soda. Mara nyingi yana chumvi ndani, na chumvi ndiyo unayoikimbia. Fanya kazi hii uwanjani, maana mapovu yale ni hidrojeni na hushika moto. Shaba isiingie ndoo hiyo. Wala kamani (springi) ya kitasa isiingie: hidrojeni hupenya ndani ya pua (stili) ngumu na kuifanya ivunjike ghafla siku ufunguo unapozungushwa. Siki na maji ya ukwaju huleta balaa lile lile. Kamani isafishwe kwa mafuta ya taa na pamba laini ya chuma.

Baada ya hapo chemsha kitu hicho kwenye maji ya mvua, ukibadilisha maji mara kadhaa. Maji ya kisima katika ardhi yetu ya matumbawe yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi juu yake. Ukitaka uhakika, chukua maji ya mchemsho wa mwisho kwenye glasi, tia matone ya nitrati ya fedha: yakigeuka kama maziwa, chumvi bado imo. Yawe maji matupu, kwa sababu soda nayo huyageuza. Chuma kilichotoka hapo ki uchi, na katika joto letu huanza kupata wekundu ndani ya saa moja, kwa hiyo finishi iwe tayari pembeni kabla hujakitoa.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kwa chuma kinachoshikwa kila siku na kukaa chini ya paa, kama funguo, bamba la ndani na skrubu, weusi wa kutu ni finishi nzuri kuliko zote. Ndio uliotiwa kwenye mitutu ya bunduki, na maana yake ni kuigeuza kutu nyekundu kuwa oksidi nyeusi ya chuma inayoshikana na mwili wa chuma. Ondoa mafuta yote kwa kuchemsha na soda, suuza, kisha usikiguse tena kwa vidole vitupu. Pangusa dawa ya kutusha, yaani ya kuanzisha kutu, nyembamba kama pumzi kwenye kioo, ikichuruzika umezidisha. Kitundike ndani ya sanduku la mbao lenye bakuli la maji ya moto, kwa muda wa saa 6 hadi 12. Kitatoka na manyoya mekundu laini kama mahameli. Kichemshe kwenye maji ya mvua dakika 15 hadi 20, na hapo utayaona yale manyoya yakigeuka meusi mbele ya macho yako. Kikikauka, sugua polepole kwa pamba ya chuma laini kabisa isiyo na mafuta: weusi uliolegea utoke, ulioshika ubaki kijivu chepesi. Rudia mara 5 hadi 8, na kila mara unazidi kukolea. Mabaka maana yake ni vidole au mafuta. Uso wa mchangamchanga maana yake ulikiacha kwenye sanduku muda mrefu mno. Huku kwetu punguza saa, usiongeze. Wekundu unaorudi baada ya siku mbili ni mchemsho mfupi.

Weusi wa haraka wa viwandani, wa kuchovya kwenye soda kali iliyochemka kama digrii 140, hutoa rangi nzuri kwa nusu saa, lakini si kazi ya uwanjani nyumbani. Tone la maji likiingia hulipuka usoni, na lehemu ya risasi na bati huyeyuka humo. Vitasa vingi vya zamani vina lehemu.

Lakini weusi wa aina yoyote haulindi wenyewe. Ni ngozi yenye vinyweleo inayoshika mafuta, na mafuta ndiyo yanayolinda. Kwa mnyororo wa nje na bawaba zenye mashimo, tanini ni bora. Ni kitu kile kile kilicho katika gome la mkoko, ambalo zamani lilisafirishwa kutoka visiwani kwa kazi ya ngozi. Tanini hushikana na kutu iliyobaki ndani ya mashimo na kuifanya nyeusi yenye ubuluu, iliyotulia. Usiende kuchuna mikoko. Inalindwa, na gome lililochunwa huua mti. Nunua unga wa asidi ya taniki: gramu 200 kwenye lita 1 ya maji ya mvua na mililita 150 za spiriti. Paka kwa brashi ngumu ukikung'uta ili hewa iingie, acha ikauke, rudia siku ya pili na ya tatu. Juu yake nta. Tanini inahitaji kutu kidogo ili ifanye kazi. Kwenye chuma kinachong'aa huacha madoa tu.

Nikeli inapendeza, na kama kitu kilizaliwa na nikeli, kama uso wa cherehani kongwe, kurudishiwa nikeli ni haki yake. Ila fahamu tabia yake. Nikeli ikiwa na tundu la sindano, chuma kilicho chini ndicho kinacholiwa, tena kwa kasi, kwa sababu kati ya metali mbili zilizolowa chumvi ile dhaifu humlipia jirani yake. Ndiyo maana nikeli ya pwani huvimba malengelenge. Zinki hufanya kinyume: yenyewe hujitoa, chuma kikapona hata kikichubuka kidogo. Zinki ya kuchovya moto, digrii 450 hivi, ni finishi ya geti, mabano na misumari ya boti. Kwa mlango wa nakshi ni kijivu cha duka la vifaa vya ujenzi, na moto wake hulegeza pua ya kamani.

Njumu zina sheria zao. Mazoea yetu ni ndimu na chumvi, au ukwaju, na kweli huondoa weusi kwa dakika chache. Tatizo ni kuacha. Asidi na chumvi huanza kuila zinki iliyo ndani ya shaba ya manjano, na njumu hutoka na wekundu wa waridi, kama shaba nyekundu. Wekundu ule si uchafu; ni shaba iliyobaki baada ya zinki kuondoka, na dawa yake ni kusugua mpaka ufike kwenye shaba nzima. Ukitumia ndimu, iwe bila chumvi, dakika mbili tatu, kisha maji ya mvua yenye soda kidogo, suuza, kausha hadi kwenye shingo ya njumu pale inapogusana na mbao. Dawa za kung'arisha zenye amonia ziepukwe kwenye njumu nyembamba zilizofuliwa: amonia huipasua shaba ya manjano iliyo na mkazo ndani yake. Jeshi la Uingereza lililiona hilo India, pale maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipopasuka wakati wa mvua.

Baada ya kusafisha, wengi hupaka mafuta ya nazi. Siku ya kwanza njumu hung'aa kama dhahabu. Baada ya wiki chache pembezoni huota utando wa kijani, kwa kuwa asidi ya mafuta hushikana na shaba. Nta ya nyuki nayo ina asidi kidogo, basi iwekwe kwenye chuma: sehemu 1 ya nta kwa sehemu 3 za tapentaini, iyeyushwe juu ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Kwa shaba tumia nta ya madini, au vanishi ya akriliki yenye kinga ya shaba ndani yake, mipako miwili myembamba. Vanishi hutoa sura nzuri ndani ya nyumba. Kwenye mlango unaotazama bahari hupasuka kwa mabaka, na kuirekebisha lazima uitoe yote kwa asetoni, njumu moja moja. Kwa milango ya aina hiyo rangi ya kahawia ya shaba iliyokomaa, ikipakwa nta, ndiyo finishi inayostahimili.

Mlango ukiwa ndani ya Mji Mkongwe, ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ulizia kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kubadilisha sura yake.

Kazi ifanywe wakati wa kaskazi, Januari na Februari, chuma kikiwa na joto la jua ili nta inywe ndani. Jaribu kwanza kwenye njumu moja ya chini, upande wa bawaba, na uiache wiki mbili. Baada ya hapo kila mwezi kitambaa chenye maji matamu, kikikamuliwa vizuri, kupangusa chumvi. Na nta mpya mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Skrubu irudi na nta kwenye nyuzi zake, na kati ya bamba la chuma na njumu ya shaba weka kipande cha ngozi kilicholowa nta, vile viwili visigusane.