Je, wajua? Joto linaloikaza alumini ya kusubu huilegeza ile ya leza

Kipande cha AlSi10Mg, yaani alumini yenye takriban asilimia 10 ya silikoni na magnesi isiyofika nusu asilimia, kikitoka kwenye printa ya leza, ile inayochapa vipuri kwa kuyeyusha unga wa metali, huhimili kuvutwa kwa megapaskali (kipimo cha mkazo) 400 na ushee. Kipike kwa kanuni ya vipuri vya kusubu, yaani vilivyomiminwa kwenye kalibu: nyuzi 530 za Selsiasi, kukichovya majini, kisha nyuzi 160 kwa saa kadhaa. Kitashuka kuelekea 300. Mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni tanuri, na tanuri haina kosa.

Kosa ni kudhani kanuni ya kupika hufuata aina ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali. Hufuata jinsi metali ilivyoganda. Kwenye kalibu ya mchanga huganda polepole. Silikoni hukua vibapa vyenye ncha, kama vigae vya chupa ndani ya ugali, na magnesi hujitenga. Nyuzi 530 huirudisha magnesi ndani ya alumini na kuzivunja zile ncha, halafu nyuzi 160 huzalisha chembechembe zinazokaza. Leza nayo huyeyusha unga tabaka kwa tabaka, kila moja kama maikroni 30 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kidimbwi cha metali iliyoyeyuka hupoa kwa kasi inayozidi nyuzi 100,000 kwa sekunde. Magnesi nyingi imeshanaswa ndani. Zile 530 hazina kubwa la kuongeza.

Zina la kuharibu. Fikiria wavu wa dagaa pale Katonga, Kigoma. Kwenye kipande cha leza silikoni huganda kama wavu huo, jicho moja likiwa karibu nusu maikroni, na alumini laini imejaa kila jicho. Sasa kata uzi wote uviringe vidonge: uzito ni ule ule, lakini hata mgebuka, samaki mkubwa kuliko dagaa, hunasi. Kufikia nyuzi 300 wavu wa silikoni huwa umekatika kuwa shanga. Kwenye 530 shanga hunenepa na kupungua idadi. (Ndiyo, nyuzi za joto hukata nyuzi za wavu. Lugha yenyewe imeamua.)

Ajabu ni kwamba hasara hiyo ina faida. Wavu mgumu huupa ufa njia ya kupita. Shanga huiacha alumini irefuke kabla ya kukatika. Kwa hiyo ukitaka ugumu, ruka 530 na upashe moja kwa moja nyuzi 160 hadi 170. Ukitaka irefuke, nyuzi 300 kwa saa 2, kipande kikiwa bado kwenye bamba kilipochapiwa. Ukikikata kwanza, mkazo wa ndani utakipinda.

Unga wa metali ulioachwa wazi msimu wa mvua hunyonya unyevu, unyevu hutoa hidrojeni, na hidrojeni huacha vitundu vya mviringo ambavyo huvimba zaidi kwenye 530. Ukaushe kwenye ombwe (pasipo hewa), chini ya nyuzi 100, kisha uufunge.

Kwa kipuri kinachotikiswa muda wote, kama kishikio cha injini ya boti, vitundu na uso usio laini mara nyingi huamua maisha yake kuliko wavu. Hapo takwimu za mashine moja haziazimiki kwa nyingine: chapa vijiti vya majaribio pamoja na kipuri, vingine wima, vingine mlalo, uvivute.