Ukurasa anaoweza kuusoma asiyeona, Google nayo huusoma

Chukua duka la kanga la mtandaoni lenye picha 40 safi za doti. Mteja anaandika kwenye Google jina la kanga anayoitaka, "Wema hauozi", na duka halitokei kabisa, ingawa kanga hiyo imewekwa juu kabisa ya ukurasa. Jina lipo, lakini lipo kwenye kitambaa tu. Kwenye msimbo wa ukurasa kuna hiki:

<img src="IMG_4587.jpg">

Mteja asiyeona anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayosoma ukurasa kwa sauti kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, hapa huambiwa "picha", au husomewa jina la faili, herufi na tarakimu zisizo na maana. Google ina uwezo wa kutambua baadhi ya vitu ndani ya picha, lakini ili ijue picha inahusu nini hutegemea sana maandishi mbadala (alt, maneno yanayoielezea picha ndani ya msimbo) na maneno yaliyo kando yake. Hapa havipo vyote viwili.

Niseme mapema ili tusidanganyane: Google haina kigezo kiitwacho ufikivu, yaani ukurasa kutumika na watu wenye ulemavu pia, kinachoupandisha ukurasa. Hupewi alama kwa kuwajali wasioona. Ila kasoro nyingi zinazomkwamisha mtu wa kisoma skrini ndizo hizohizo zinazoikwamisha roboti ya utafutaji, programu ya Google inayopitia kurasa, kwa kuwa wote wawili huufikia ukurasa kupitia msimbo wake kabla ya sura yake. Nyingine humkwamisha binadamu peke yake. Washauri wengi huzichanganya, na mwenye tovuti anabaki akisubiri matokeo yasiyokuja.

Turudi kwenye kanga. Marekebisho ni haya:

<img src="kanga-wema-hauozi.jpg" alt="Doti ya kanga nyekundu yenye pindo jeusi, imeandikwa Wema hauozi" width="1200" height="900">

Usianze na "Picha ya", maana kisoma skrini kimeshatamka kuwa ni picha. Andika kile ambacho ungemwambia mtu kwenye simu akikuuliza kanga yenyewe ikoje: rangi, pindo, mji, jina. Sentensi moja inatosha. Ukijaza "kanga bei nafuu kanga Dar kanga Zanzibar kanga harusi", msikilizaji atachoka na Google inaweza kuuona ukurasa kuwa wa taka. Ua la pambo lililowekwa pembeni kujaza nafasi lipe alt="" tupu, kisoma skrini kiliruke. Tupu si sawa na kutokuwepo: alt ikikosekana kabisa, programu hubaki kubahatisha. Na picha za bidhaa usiziweke kama mandharinyuma ya CSS, yaani msimbo wa kupamba ukurasa. Google haiziorodheshi picha za namna hiyo, na kisoma skrini hakizitaji.

Kama picha hiyo ndiyo ya kubofya ili kufungua bidhaa, alt inabeba kazi mbili, kwani Google huichukua kama maneno ya kiungo. Hapo ndipo nashauri kuanzia kwenye duka lolote.

Viungo vyenyewe ndivyo vinavyoharibu tovuti nyingi kimyakimya. Fundi anaandika hivi:

<div onclick="fungua('kanga')">Tazama kanga</div>

Kwa kipanya inafanya kazi vizuri. Lakini anayetumia kibodi akibonyeza Tab, inaruka. Kisoma skrini hakisemi kuwa ni kiungo. Na roboti ya Google haibofyi vitu. Hutafuta tagi ya a yenye href, na isipoipata, ukurasa wa ndani unaweza usifikiwe kabisa. Dawa ni fupi:

<a href="/kanga/">Tazama kanga</a>

Kitufe cha "Onyesha zaidi" chini ya orodha kina ugonjwa huohuo. Bidhaa ya 21 hadi ya 40 hazionekani mpaka mtu abofye au ateremshe ukurasa, na roboti haifanyi lolote kati ya hayo. Weka kurasa zenye namba, kila moja na anwani yake.

Halafu kuna "Bofya hapa". Mtumiaji wa kisoma skrini anaweza kuita orodha ya viungo vyote vya ukurasa ili achague haraka, kwenye NVDA ni Insert na F7. Fikiria anasikia "bofya hapa, bofya hapa, soma zaidi, bofya hapa". Google nayo hutumia maneno ya kiungo kuelewa ukurasa unaoelekezwa. "Jinsi ya kufua kanga mpya isichuje rangi" ni kiungo. "Bofya hapa" hakisemi kitu kwa yeyote.

Sasa yale yasiyoigusa Google. La kwanza ni lugha. Violezo vingi huja na lang="en", inayosema ukurasa ni wa Kiingereza, na hakuna anayekumbuka kuibadilisha. Kisoma skrini kikiiona, hukisoma Kiswahili chako kwa ulimi wa Kiingereza, na msikilizaji haambulii kitu. Weka lang="sw"; eSpeak NG, sauti inayokuja na NVDA, inakijua Kiswahili. Google yenyewe hutambua lugha kutokana na maandishi, haiitazami sifa hiyo. Ifanye hata hivyo. Ni neno moja, na bila hilo ukurasa mzima ni kelele kwa mtu asiyeona.

Mpangilio wa vichwa ni vivyo hivyo. Kuruka kutoka h2 hadi h4, yaani kuacha ngazi moja ya vichwa, hakukushushi kwenye utafutaji, na Google imelisema hilo wazi katika mwongozo wake. Kinachodhuru ni kuandika kichwa kwa herufi nene tu bila tagi ya kichwa: roboti hukosa kiashiria cha mada, na asiyeona, ambaye huruka kichwa hadi kichwa kwa kubonyeza H, hukosa ngazi ya kupandia.

Rangi nazo. WCAG, mwongozo wa ufikivu wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe kina takriban 2.85 tu, #767676 kinapita kwa shida. Google haikupangi kwa rangi, lakini anayesoma simu juani saa saba mchana ataondoka, na mauzo yataondoka naye.

Sasa turudi kwa linalowagusa wote wawili. Width na height, yaani upana na urefu, nilizoweka kwenye picha ya kanga hazikuwa pambo. Bila vipimo hivyo, picha ikimaliza kupakuliwa kwenye mtandao wa polepole husukuma maandishi chini, na mwenye mikono inayotetemeka hujikuta amebonyeza kitufe asichokikusudia. Google hupima mruko huo na hutaka alama yake isizidi 0.1, hutaka pia kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Vipimo hivi vinahesabiwa katika kupanga matokeo, ingawa haviwezi kuuokoa ukurasa usio na maudhui.

Taasisi nyingi hupandisha tangazo la kazi au zabuni likiwa PDF iliyoskaniwa, yenye muhuri na saini. Jaribu kuteua maneno kwa kipanya: yasipoteuka, hiyo ni picha. Google hujitahidi kuzisoma skani, lakini karatasi iliyoinama au kufifia huvuruga maneno. Iache PDF kama kumbukumbu, kisha andika tangazo lote kwenye ukurasa wenyewe. Video vilevile: manukuu yaliyochomwa ndani ya picha si maandishi. Weka faili la VTT, lenye manukuu kama maandishi, na unukuzi kamili chini ya video.

Kuhusu vikasha vya ufikivu vinavyobandikwa juu ya tovuti na kuuzwa kwa kulipia kila mwezi, vyenye alama ya mtu pembeni mwa skrini, pesa hiyo nakushauri mpe fundi. Havirekebishi msimbo uliouandika vibaya.

Kupima, fungua Lighthouse, chombo cha kupima kurasa kilicho ndani ya Chrome, lakini usilale ukipata 100: alt="picha1" inapita kwenye mtihani huo. Weka kipanya kando, zunguka ukurasa kwa Tab na Enter hadi kwenye malipo. Washa TalkBack, funga macho, tafuta kanga moja na uinunue. Kisha ingia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, kagua anwani ya ukurasa na usome msimbo ambao Google iliuona kweli. Ombi la kuorodheshwa upya laweza kuchukua siku hadi wiki kadhaa, na takwimu za kasi hukusanywa kutoka kwa watumiaji halisi kwa siku 28, kwa hiyo andika tarehe uliyofanya mabadiliko na ulinganishe baada ya mwezi.